Usiyaruke Majina



Mwenzetu mmoja kaniambia: "Mwalimu, Biblia naisoma, ila majina ya mahali yananishinda. Nayaruka." Usiyaruke, ndugu yangu. Mengi yana habari ndani yake.

Tufungue Mwanzo, sura ya 26. Watumishi wa Isaka walichimba kisima bondeni, wakapata maji. Wachungaji wa Gerari wakaja juu: maji haya yetu! Kisima kikaitwa Eseki, yaani ugomvi kwa Kiebrania. Wakachimba cha pili, yakawa yale yale. Hicho kikaitwa Sitna, maana yake uadui. Isaka akahama. Cha tatu hakikugombewa na mtu, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Wafugaji mliopo hapa mnaelewa upesi kuliko mimi.

Na Beer-sheba je? Beer ni kisima. Sheba ni saba, tena ni ndugu ya saba yetu, kwani sisi tulilipata neno hilo kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Katika sura ya 21 Ibrahimu alitoa kondoo wa kike saba, wawe ushahidi kwamba kisima kakichimba yeye. Wakaapiana pale pale, na kuapa kwa Kiebrania hufanana na saba. Jina likawa kama hati yao.

Manyara yetu nayo husemwa yatokana na emanyara ya Wamasai, ule mnyaa wanaozungushia boma. Na kisima mnachochota ninyi, kwa nini kinaitwa hivyo? Waulizeni wazee, mwandike daftarini, tusomeane kipindi kijacho.