Kabla ya Kununua Nyumba Jijini Tanga
(Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi)



Tanga ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005, lakini bado ni mahali ambapo mfanyakazi huweza kwenda kazini kwa baiskeli. Barabara za Ngamiani zina namba, hivyo hata mgeni hupata njia kwa urahisi. Bandari, soko na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo haviko mbali. Si ajabu, basi, kwamba wazazi waliochoshwa na foleni za Dar es Salaam huvutiwa kulea watoto wao hapa.

Aidha, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia Chongoleani, na viwanja vya pembezoni, kama vile Pongwe, vinaulizwa kwa bei. Penye mahitaji hapakosi dalali mwenye haraka. Familia inayokabidhi akiba ya miaka mingi kwa neno la mdomo huweza kubaki bila fedha na bila nyumba. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo la kwanza ni kumjua mmiliki. Mnunuzi asitosheke na nakala ya hati aliyooneshwa, bali aombe upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi huo huonesha jina la mmiliki, rehani ya benki iliyopo na zuio lolote lililosajiliwa. Endapo mwenye nyumba amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza wa marehemu hakutoshi.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipuuza, ni ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mwenzi asiyeshirikishwa ana haki ya kuendelea kuishi humo, isipokuwa mnunuzi awe hakujua, wala hangeweza kujua kwa uchunguzi wa kawaida. Mnunuzi makini, basi, humwuliza muuzaji habari za ndoa yake, huongea na mwenzi huyo ana kwa ana, na hupata ridhaa yake kwa maandishi. Hatua hiyo hulinda familia mbili: inayohamia na inayohama.

Tatu, muda wa hati uhesabiwe. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma. Anachopewa mwananchi ni haki ya kuitumia kwa miaka isiyozidi 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inakoma mwaka 2028, na bei inapaswa kulingana na hali hiyo.

Nne, mnunuzi akague mawe ya mipaka akiwa na mpimaji, na aombe stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Vilevile aangalie bili za maji na mita ya umeme, kwani tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hulipwa kupitia LUKU.

Mwisho, mkataba uwe wa maandishi, fedha zipitie benki, na uhamisho wa milki usajiliwe. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa huthibitisha kuwa watu wamefika mbele yake. Haubadilishi jina katika daftari la Msajili. Muuzaji wa kweli hataogopa kusubiri upekuzi. Anayesema kwamba kesho nyumba itakuwa imekwenda, na aachwe aende nayo.