Begi Fungua, Mwili Una Sheria Yake

(Mazungumzo na vijana wa maskani)



Wewe unayesoma gazeti hili kijiweni, au umelibana kwapani ukigombea daladala, nina swali moja kwako. Ofisa wa forodha akikuamuru uvue shati pale Namanga, Holili au Tunduma, ana haki? Wengine mtasema, serikali ni serikali, vua tu yaishe. Wengine mtasema hana haki, huo ni uonevu mtupu. Wote mmekosea.

Tuanze na ukweli mchungu. Forodha ina sheria yake, nayo ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, ukivuka mpaka unatakiwa utaje ulichobeba, ujibu maswali, na ufungue begi likaguliwe. Hapo ofisa hahitaji kukushuku wala kuwa na hati ya mahakama. Ukigoma au ukimsukuma, kosa ni lako. Usije ukasema chama kilikutuma.

Lakini mwili si begi. Ili akupekue maungoni, lazima awe na sababu za msingi za kuamini kwamba umeficha mali isiyolipiwa ushuru. Kandambili zako na jasho la safari si sababu. Na hata akiwa na sababu, unayo haki ya kudai upelekwe kwanza mbele ya mkubwa, kwa mfano hakimu au mkuu wa kituo cha polisi. Huyo akiona hakuna sababu, anakuachia uende zako. Tena mwanamke hapekuliwi na mwanamume. Wafikishieni salamu hizo mama na dada zenu wanaohangaika na vitenge.

Je, kuna aliyewahi kuwaambia haya? Hakuna. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, na mlalahoi anaijua kwa kofi tu.

Waulizeni wazee habari za mwaka 1983, vita ya wahujumu uchumi. Watu walipekuliwa majumbani, wengine wakatupa mali zao vichakani kwa woga. Sheria ya mwaka ule iliadhibu hata mambo yaliyotendwa kabla haijatungwa! Mwaka uliofuata, 1984, haki za raia zikaingizwa katika Katiba. Ibara ya 16 inalinda nafsi yako na maisha yako binafsi, na inaitaka dola iweke utaratibu wa kisheria wa lini, vipi na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Kwa hiyo upekuzi usiofuata utaratibu si kazi ya serikali. Ni ubabe.

Sasa sikilizeni linalowafilisi wengi. Kijana anakamatiwa marobota yake, anaambiwa njoo kesho. Kesho anaambiwa bosi yuko kikaoni. Wiki zinapita, nauli inakwisha, anakata tamaa. Hajui kwamba sheria imempa mwezi mmoja tu wa kuandika barua kwa Kamishna kuudai mzigo wake. Mwezi ukipita bila barua, mali imekwenda. Kwa hiyo usizungushwe. Andika siku hiyo hiyo, baki na nakala iliyogongwa muhuri.

Nanyi mnaopenda mkato, nisikieni. Ukipita njia ya panya, unampa ofisa ile sababu aliyokuwa anaitafuta. Ukitoa kitu kidogo, unainunua kwa fedha haki uliyokuwa nayo bure, na kijana atakayekuja nyuma yako ataikuta imepanda bei.

Mageuzi si mikutano ya hadhara peke yake. Tudai vifungu hivi vibandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, katika kila kituo cha mpakani, pale pale unapofungulia begi. Ofisa mwaminifu hatakuwa na la kuogopa.