Usivuke Ziwa Kulitafuta Neno

Somo: Kumbukumbu la Torati 30:11-14, Warumi 10:6-10



Leo ninasema na mama anayetaka kuuza mbuzi wake apate pesa ya boti ya kwenda Bukavu. Amesikia kuna mtumishi kule, akimwekea mikono Mungu atamsikia. Mama, ngoja kwanza.

Musa aliposema na Israeli kule Moabu, walikuwa hawajavuka Yordani. Aliwakataza wasidhani kwamba amri ya Mungu iko mbali, kwamba inahitaji shujaa apande mbinguni au avuke bahari ailete. Walikuwa nayo tayari, kinywani na moyoni.

Paulo analichukua somo hilo, lakini pahali pa bahari anaweka shimo la wafu. Kwa nini? Anamfikiria Yesu. Nani apande kumshusha Kristo? Amekwisha kushuka. Nani aingie kaburini kumtoa? Baba amekwisha kumfufua. Safari ile ya gharama imefanywa na Mwingine! Wewe umebakiziwa kukiri na kuamini.

Tena kuna jambo tunalolipita mara nyingi. Paulo alipoandika barua hiyo alikuwa hajafika Roma hata siku moja. Anasema mwenyewe kwamba alizuiwa mara nyingi. Lakini hawaambii wangoje mpaka afike ndipo waokoke. Neno lilimtangulia. Watumishi wenzangu, tusome hapo polepole. Tumetumwa kuhubiri, si kukaa mlangoni na kutoza watu.

Sisemi kuombewa ni kubaya. Yakobo 5:14 inamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Lakini ona, mama: wazee ndio wanaokuja kwake. Na kama mtoto ana homa, mpeleke kituo cha afya leo leo. Pesa ya mbuzi itafaa huko.

Labda unasema, mimi sikusoma. Katika sura ya 31 Musa anaagiza torati isomwe mbele ya wote, wanaume, wanawake, watoto na wageni, wasikie. Sikio lilitosha. Paulo naye, katika Warumi 10:17, anasema imani inatoka katika kusikia. Na wewe umesikia.

Basi kabla hujafunga redio, hapo jikoni ulipo, moto ukiwaka, mwambie Yesu kwa kinywa chako, kwa lugha ya mama yako, kwamba yeye ni Bwana.