Tuhesabu Upepo Kabla ya Kutoa Pesa

Tumeitwa tuwaeleze habari ya vikombe vinne vya plastiki, na mkicheka hatutakasirika, maana hata sisi tulicheka.

Kikundi chetu kimechanga miaka mitatu ili tuweke pampu ya upepo kwenye kisima kilicho karibu na shule. Pampu za namna hiyo si ngeni hapa Kenya. Zile za Kijito zilianza kutengenezwa Thika mwishoni mwa miaka ya 1970. Tena wengi wetu tumesikia habari ya mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, Marsabit, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2019. Basi watu wakasema, kama upepo unazungusha mitambo mikubwa vile, utashindwaje na pampu moja? Ndipo mwalimu wa sayansi akatuuliza: "Huo upepo wenu una kasi gani?" Tukanyamaza. Kila mtu alijua kwamba unaezua mabati, lakini kasi yake, hakuna aliyejua.

Wanafunzi ndio waliotutoa aibu. Walifunga fito mbili za sentimita 40 kama msalaba, na kila ncha wakaweka kikombe cha yogati kilicholala ubavu, mdomo wa kila kimoja ukitazama mgongo wa mwenzake. Katikati walipachika kifuniko cha kalamu ya biro, kikakaa juu ya ncha ya msumari mrefu uliopigwa kwenye mti. Upepo ukiingia mdomoni mwa kikombe hukisukuma kwa nguvu. Ukipiga mgongo huteleza. Kwa hiyo chombo huzunguka upande mmoja tu, upepo utoke wapi utokako. Kikombe kimoja walikipaka rangi nyekundu, ili jicho lihesabu zamu zake.

Chombo cha vikombe kilibuniwa Ireland mwaka 1846 na mtumishi wa kanisa aliyekuwa pia mtaalamu wa nyota, Thomas Romney Robinson. Yeye alifikiri kwamba vikombe daima huenda theluthi moja ya kasi ya upepo. Baadaye ikaonekana si kweli, inategemea chombo chenyewe. Kwa hiyo msiige hesabu yetu, pimeni chenu.

Kupima ni hivi. Asubuhi moja tulivu, majani hayatikisiki, tulipima mita 100 barabarani. Kijana mmoja akaendesha baiskeli, mwenzake nyuma amekishika chombo juu ya vichwa vyao na kuhesabu zamu. Walienda na kurudi mara kadhaa, tukapata kama zamu 25. Maana yake, kila zamu ni mita 4 za upepo. Zamu 75 kwa dakika ni mita 300, yaani mita 5 kwa sekunde.

Tuliambiwa pampu ya aina tunayotaka huanza kuvuta maji upepo ukifika mita 3 kwa sekunde hivi. Kwa chombo chetu hizo ni zamu 45. Majuma mawili wanafunzi walihesabu wakati wa chakula cha mchana, wakapata 70, 75, hata 80. Tulifurahi! Mweka hazina alikuwa tayari kwenda benki.

Kumbe tulijidanganya. Mchana jua limepasha nchi na upepo umeamka. Tulipoomba hesabu za saa moja asubuhi na saa moja jioni, na mlinzi wa shule akakubali kuhesabu saa nane usiku kwa tochi (tunamshukuru sana mzee huyo), asubuhi zilikuwa zamu 20, na usiku mara nyingi chombo kilisimama kabisa.

Tukapanda nacho kilimani. Huko zamu zilikuwa karibu mara mbili za kisimani saa ile ile. Na hapa msikie vizuri: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nane. Lakini kisima hakiko kilimani, kiko bondeni nyuma ya mikrevilia ya shule.

Mkutano ulikuwa moto. Wengine walisema mikrevilia ikatwe. Akina mama walioimwagilia maji kwa debe ilipokuwa michanga walikataa katakata, na sisi tunaona walikuwa na haki. Wengine walitaka mnara mrefu upite miti, lakini huo ni gharama nyingine. Wako pia wanaosema tuweke pampu ya sola, maana jua letu halina ubishi.

Hatujaamua. Pesa ziko benki bado. Tumefunga chombo cha pili juu ya mlingoti unaopita miti, na wanafunzi wanaandika hesabu mara nne kwa siku katika daftari moja, mpaka tuone miezi ya baridi ya Juni na Julai itakavyokuwa. Daftari hilo tumekuja nalo. Liko mezani pale pamoja na chombo. Karibuni mkiguse, ila tafadhali msikizungushe kwa mkono, kile kifuniko cha biro kimeanza kupasuka.