Iteni Mashine Mapema

Wahitimu, najua nimesimama kati yenu na pilau.

Nimeuguza wagonjwa mahututi miaka mingi, mingine Uingereza, nikiwapokea waliotoka kuondolewa mabonge sugu ya damu kwenye ateri za mapafu. Mgonjwa hupozwa hadi nyuzi 20, mzunguko wa damu husimamishwa, na daktari ana kama dakika 20 kila upande kubandua bonge pamoja na utando wa ndani wa mshipa. Baadaye damu hurejea kwa kishindo palipozibwa miaka, na baadhi ya mapafu huanza kuvuja. Unaona povu la rangi ya waridi likipanda kwenye mrija wa kupumulia.

Hapo ndipo ugomvi wangu na fani yetu unapoanza. Mashine ya ECMO hutoa damu mwilini, huitia oksijeni na kuirudisha: kwenye vena mapafu peke yake yakigoma, kwenye ateri upande wa kulia wa moyo ukielemewa. Lakini wapo mabingwa wanaoona kuiita ni kukubali kushindwa. Mmoja, simtaji, alikesha akipandisha shinikizo la mashine ya kupumulia, kila saa akisema "tuone kidogo." Alichokuwa akikiona ni mapafu yanavyochakaa. ECMO haiponyi, inampa mgonjwa siku chache mapafu yakauke. Ukishayachakaza, siku hizo ni za nini?

Tena ECMO ina masharti yake. Inataka heparini damu isigande, wakati kifua chenyewe huenda kinavuja damu. Na ninyi wauguzi, msikodolee skrini tu. Shikeni mrija unaotoa damu mwilini. Ukianza kutikisika mkononi, pampu inakosa damu ya kuvuta. Wenzangu hunicheka kwa wimbo huu, wacheke.

Daktari wa upasuaji John Gibbon alikesha Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mama aliyezibwa ateri ya mapafu. Wazo la mashine ya moyo na mapafu, iliyozaa ECMO, lilitoka pale, akaifanikisha 1953. Mkewe, Mary, aliijaribu naye maabarani. Wodini simsikii akitajwa.

Siku ya kwanza kazini ulizeni: usiku nani anaruhusiwa kupiga simu ya kuomba ECMO, au rufaa kama haipo? Wakisema ni bingwa peke yake, ombeni hivyo hivyo, na saa mliyoomba iandikeni kwenye faili.