MAFUTA YA TAA NA GHARAMA ZA WAKUBWA

(Hotuba iliyosomwa na mwenezi wetu mbele ya wanachama wa tawi la Likoni, Mombasa)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, nanyi ndugu vijana mliosimama nje kwa kukosa viti,

Mmetuita tuseme habari ya kodi na ugumu wa maisha. Kwamba maisha ni magumu hamna haja ya kuambiwa na mtu. Twataka leo tutazame neno moja tu. Mwaka 2023 na mwaka 2024 Serikali ilituambia kwamba haina njia nyingine ila kuongeza kodi. Je, ilikuwa ikisema kweli?

Na tuanzie jikoni, maana huko ndiko hesabu za Nairobi zinakokuja kulala. Chukueni mafuta ya taa. Serikali ya Rais William Ruto iliapishwa tarehe 13 Septemba 2022. Kesho yake lita moja ya mafuta ya taa kule Nairobi ikapanda toka shilingi 127.94 hadi shilingi 147.94. Septemba ya mwaka uliofuata lita ile ile ilikuwa shilingi 202.61. Kwetu Mombasa bei huwa chini kwa shilingi chache kwa sababu meli hushusha hapa, lakini kupanda kulikuwa kule kule. Basi nyumba inayowasha nusu lita kwa siku ilitakiwa kuongeza zaidi ya shilingi 37 kila siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 1,120. Hizo ni za kupikia sufuria ile ile ya maharagwe, wala moto haukuzidi ukali.

Na ni nani atumiaye mafuta ya taa? Mkubwa hayajui. Twasema kwa haki kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliondoa kodi ya VAT kwenye gesi ya kupikia, na hilo lilikuwa jema. Walakini mtungi wa gesi hutaka fedha nyingi kwa mara moja, na mtu wa kibarua hapati fedha nyingi kwa mara moja. Yeye hununua mafuta kwa chupa, jioni, baada ya kulipwa. Kwa hiyo nafuu ilimpita, na mzigo ukamkuta.

Sheria hiyo hiyo ilipandisha VAT ya petroli na dizeli toka asilimia 8 hadi 16. Wako waliotujibu kwamba unga wa mahindi hautozwi VAT, basi maskini ana nini cha kulalamikia? Jamani! Unga haukuja kwa miguu. Mahindi yalipakiwa kwenye lori, lori linywalo dizeli, na nyanya za Kongowea kadhalika zatoka Loitokitok na Taita kwa lori. Mama muuza mboga alipanda matatu alfajiri kwenda kuzinunua, na akapanda matatu kurudi. Kila mmoja katika safari hiyo alilipa kodi yake, kisha akaisukuma kwa mwenzake, mpaka ikamfikia yule ambaye hana wa kumsukumia. Huyo ndiye aliyeketi hapa na kanga yake anatusikiliza.

Mwenye mshahara naye hakuachwa. Palikuja ada ya nyumba, asilimia 1.5. Mahakama Kuu ilitamka tarehe 28 Novemba 2023 kwamba ilivunja Katiba, nayo Serikali ikatunga sheria nyingine mwezi Machi 2024 na kuirudisha. Toka Oktoba 2024 ikaja ada mpya ya afya, asilimia 2.75, mahali pa ile ya zamani ya NHIF. Mwalimu wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 450 kwa ya kwanza na 825 kwa ya pili, kabla hajanunua hata kiberiti.

Sasa tusikilize Serikali, maana si adabu kumhukumu mtu bila kumsikia. Serikali ilisema kwamba mafuta yalipanda duniani kote, kwamba dola ilipanda, na kwamba deni ilirithi. Hatukatai. Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na baadaye mwaka huo shilingi ilipopata nguvu bei ya mafuta ilishuka, tukashukuru. (Ijapokuwa Julai ile ile ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa toka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli, hata shukrani yetu ikaishia njiani.) Na deni ni kweli lipo. Mwaka 2023 lilipita shilingi trilioni 10. Tulikuwa na mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa mwaka 2014 kwa riba ya asilimia 6.875, wa kulipwa Juni 2024. Ili kuulipa, Februari 2024 Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75. Mtu akopaye kwa bei ghali ili alipe deni la bei nafuu hana raha, na hatuwezi kumcheka.

Lakini mtu wa deni, ndugu zetu, hufanya nini nyumbani kwake? Kwanza huacha kununua nyama. Huuza baiskeli ya pili. Humwambia mgeni, mwaka huu hatutafanya karamu. Hayo akisha kuyafanya ndipo huwaendea watoto na kuwaambia wale mara moja kwa siku. Serikali ilianza na watoto.

Machi 2023, wakati bei ya unga ilipokuwa ikizungumzwa kila kibanda, waliteuliwa watu 50 kuwa wasaidizi wa mawaziri. Hamsini! Julai mwaka huo Mahakama Kuu ikatamka kwamba uteuzi ule haukufuata Katiba. Hatusemi kwamba mishahara ya watu 50 ingelilipa deni la trilioni 10, sisi hatukosi akili kiasi hicho. Twasema kwamba aliyeishiwa kweli kweli haajiri.

Ukaja Mswada wa Fedha wa mwaka 2024. Ulitaka VAT ya asilimia 16 juu ya mkate, ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya kula, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Ulitafuta shilingi bilioni 346. Vijana wakasema hapana. Serikali ikalegeza baadhi ya mambo, mkate ukatoka, lakini mswada ukaendelea, na tarehe 25 Juni 2024 Bunge likaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo damu ilimwagika. Kufika tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa katika maandamano yale. Tusimame kimya kidogo kwa ajili yao, Bwana Mwenyekiti akituruhusu.

Ahsanteni. Kaeni.

Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi mswada. Na sasa sikilizeni vizuri lililofuata, maana ndilo lililotuleta hapa. Tarehe 5 Julai 2024 Rais alitangaza mambo haya: mashirika 47 ya Serikali yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, safari zisizo za lazima zisimamishwe, magari mapya yasinunuliwe kwa mwezi 12, ila ya usalama, fedha za ofisi ya mke wa Rais na ya mke wa Naibu wa Rais ziondolewe, fedha za siri za ofisi kuu ziondolewe, na ya Rais mwenyewe imo, matengenezo ya majumba yapunguzwe nusu. Katika zile bilioni 346, akataka bilioni 177 zipatikane kwa kupunguza matumizi, na zilizobaki zikopwe.

Kumbe zilikuwa zikikatika! Siku kumi tu kabla yake zilikuwa hazikatiki. Tuliambiwa kwamba nchi ingesimama bila kodi ya mafuta ya kula. Kumbe palikuwa na bilioni 177 ambazo Serikali yenyewe, kwa kinywa chake yenyewe, ilikiri kwamba yaweza kuishi bila hizo. Basi twauliza, na swali hili hatutachoka kuliuliza: kwa nini hesabu ile haikufanywa mwezi Mei, watu wakiwa hai?

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa jambo moja juu ya hesabu. Mtoto akileta jibu bila kuonyesha njia, hata jibu likiwa sawa, humpi alama zote, maana huenda ameiba kwa jirani. Serikali yetu huleta jibu tu: lipeni. Njia haionyeshi. Nasi ni haki yetu kuiona. Kifungu cha 201 cha Katiba chataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 221 chaitaka kamati ya Bunge isikilize maoni ya watu juu ya makadirio, nayo makadirio hupelekwa Bungeni miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufika mwisho wa Aprili. Tulikuwa tukiingoja Juni, isomwe ile bajeti kwa mkoba, ndipo tupige kelele. Juni tumechelewa.

Kwa hiyo tumekuja na kazi. Kila nyumba ya mwanachama iandike kwa mwezi mmoja ilichonunua na bei yake: mafuta, unga, mkaa, nauli, vocha ya simu. Msiongeze chumvi; tukikutwa na uongo mmoja, kweli zetu zote zitatupwa. Mwisho wa mwezi tutakusanya madaftari, tutafanya jumla, na tutaandika waraka wa tawi kwa kamati ya Bunge kabla ya Aprili, tukitaja kwa jina kila fungu la matumizi tunalotaka likatwe kwanza.

Bibi Katibu anayo madaftari pale mezani, moja kwa kila nyumba kumi. Asiyejua kuandika na amsimulie mtoto wa shule, naye ataandikiwa. Wale wa upande wa Mtongwe mpitie kwake kabla hamjaondoka, maana yenu ni machache na hatukujua kama mngekuja wengi hivi.