Jino la Kwanza Kung'oka

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wazee, walimu na wazazi



Nilipoambiwa nisimame hapa leo, nadhani wengi mlitazamia niseme habari za daftari na hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Lakini neno langu ni dogo kama punje ya hindi: nataka kusema juu ya jino la mtoto. Nawaomba msicheke mpaka nimalize.

Mwezi uliopita mwanangu, mwenye umri wa miaka sita, alikataa chakula cha mchana. Mama yake akadhani ni homa. Bibi yake akamwita kando, akamwuliza kwa upole, naye akafungua kiganja chake. Ndani mlikuwa na jino dogo jeupe. Alikuwa amelificha tangu asubuhi, akidhani amejivunja kama mtu avunjavyo chungu, na kwamba atapigwa. Bibi akacheka sana, akamshika mkono, akamwambia alirushe juu ya paa kama tulivyofanya sisi sote. Mtoto akalirusha, akarudi kula. Basi mimi baba yake, niliyepelekwa shule nikasoma, nikaona haya, kwa kuwa sikumwambia mwanangu hata neno moja juu ya jambo ambalo lilikuwa halina budi kumfikia.

Jambo lenyewe ni hivi. Meno ya utoto huanza kuchomoza mtoto akiwa na umri wa miezi sita hivi, na afikapo miaka mitatu yametimia 20, kumi juu na kumi chini. Wakati huo meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, hayaonekani. Jino jipya linapopanda, mzizi wa lile la kwanza huyeyuka kidogo kidogo, mpaka jino halina cha kulishikilia. Ndiyo maana jino lililoanguka lenyewe huonekana halina mzizi. Si ugonjwa wala si kuvunjika. Ni mgeni anayepiga hodi. Kwa kawaida huanza yale mawili ya mbele ya chini, mtoto akiwa na miaka sita, pengine mitano au saba, na kazi hiyo huisha anapokaribia miaka 12.

Wala desturi ya kulirusha jino si yetu peke yetu. Huko Japani jino la chini hurushwa juu ya paa na la juu hutupwa chini ya sakafu, ili jipya liote kulielekea. Wafaransa na Wahispania humwachia panya. Uingereza na Marekani mtoto huliweka chini ya mto wake, na asubuhi hukuta sarafu. Desturi hizi hazimdhuru mtu, tena humwondolea mtoto hofu.

Lakini ziko nyingine zenye madhara. Wazee mnalijua neno kigego. Zamani, katika baadhi ya makabila, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa mkosi, hata wengine waliuawa. Leo twajua kwamba meno ya juu kutangulia ni tofauti ya maumbile tu. Tena liko jambo la meno yaitwayo ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, watu wengine humpeleka kwa mganga amchimbe ufizi kwa chuma, ati kuna jino baya. Jino hilo ni chonge changa, ambayo haijachomoza bado. Mtoto hutokwa damu, kidonda huoza, na wako waliokufa. Ndugu zangu, mtoto anayeharisha anataka maji yenye dawa ya chumvi na sukari, na kufikishwa zahanati upesi. Ufizi wake hauna kosa.

Sasa nafikia neno lililonileta. Wakati ule ule ambapo jino la kwanza la mbele linang'oka, nyuma kabisa, mwisho wa safu, huota magego manne, mawili juu na mawili chini. Haya hayachukui nafasi ya jino lolote, wala hayatangazwi na pengo. Huota kimya kimya, na wazazi hudhani ni meno ya utoto. Mimi nililipata gego kama hilo, likaoza nikiwa na miaka minane. Nikalia usiku, nikaambiwa, "Acha, hilo litang'oka, litaota jingine." Nilipofika miaka 12 liling'olewa, nikangoja jingine mwaka mmoja, miwili, mitatu. Mpaka leo nangoja. Hakuna aliyenitakia mabaya. Walikuwa hawajui tu.

Kwa hiyo nasema: jino la kwanza liking'oka, na iwe ishara kwa mzazi. Siku ile ile mwambie mtoto afumbue kinywa kwenye mwanga, utazame nyuma. Tangu hapo meno yapigwe mswaki asubuhi na kabla ya kulala, nawe usimame karibu mpaka mkono wake uzoee. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, yatosha. Atumiaye mswaki wa mti autafune ncha vizuri, na aufikishe mpaka kwenye magego. Peremende na chai yenye sukari nyingi zisiwe chakula cha kila saa. Jino linalotikisika lisivutwe kwa nguvu. Mtoto alisukume kwa ulimi. Jipya likiota nyuma ya la zamani, na la zamani likikataa kutoka, mpelekeni kwa mganga wa meno.

Nanyi walimu, watoto wa darasa la kwanza wako mbele yenu kila siku wakati huo huo wa mapengo. Msiwaache wenzao wawacheke na kuwaita vibogoyo. Wafundisheni kwamba pengo la mbele litazibwa, ila gego la nyuma likipotea halirudi.

Wahenga walisema, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Mimi mwenye pengo nawashuhudia kwamba walisema kweli. Mwanangu nimekwisha kumtazama kinywani. Magego yake ya chini yamechomoza, nasi tumeanza kuyatunza. Nendeni nanyi mkatazame vinywa vya wenenu leo jioni, kabla jua halijatua.